Chama Kidogo Kimetuachia Nini?

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na tayari barazani imerudi ile kauli tunayoisikia kila msimu: ukipigia kura chama kidogo, kura umeitupa baharini. Anayeisema huisema kama hakimu anayefunga kesi. Leo naomba tuifungue tena kesi hiyo.

Kwanza tumpe mwenzetu haki yake. Kwa hesabu ya viti hajakosea. Sheria yetu humpa ubunge aliyeongoza hata kwa kura moja, na waliompigia wa pili na wa tatu hurudi nyumbani mikono mitupu. Hapa Kilifi tukaongezewa na suti. Miaka nenda miaka rudi tumeambiwa tuvae suti kamili ya chungwa, yaani tuwachague wa ODM watupu, rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake mpaka mwakilishi wadi, na wengi tumeivaa bila hata kuuliza bei. Mwaka 2022 suti ilichanika kidogo. Katika maeneobunge saba ya kaunti, ODM kilichukua manne, PAA cha Amason Kingi kikachukua Ganze na Rabai, UDA kikapata Kilifi Kaskazini. Ugavana ulibaki kwa ODM kupitia Gideon Mung'aro. Kwa hivyo kama unachotaka ni mtu wako aingie bungeni, chama kikubwa ndiyo njia ya mkato, sibishi.

Ninalobisha ni wazo kwamba mageuzi ya nchi huletwa na wenye viti vingi tu. Historia ya Pwani hii yenyewe inasema vingine, na ushahidi wa kwanza uko Gotani, alikozaliwa Ronald Gideon Ngala.

Ngala alikuwa mwalimu. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, Waafrika walipochagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza. Juni 1960 yeye na wenzake, akina Masinde Muliro na kijana mmoja wa Baringo aitwaye Daniel arap Moi, waliunda chama cha KADU. Hofu yao ilikuwa wazi: uhuru ukija, jamii kubwa zilizokuwa ndani ya KANU zingekalia kila kitu, na Mmijikenda, Mkalenjin, Mmaasai na Mluhya wangebaki kuomba. Uchaguzi wa Februari 1961 ukathibitisha walivyokuwa wadogo. KANU kilipata karibu asilimia 67 ya kura, KADU kama asilimia 16. Najua kuna atakayesema KADU kilikuwa chama cha pili, si chama kidogo. Sawa. Kwa foleni kilikuwa cha pili, kwa kimo kilikuwa kidogo kama hivi vya leo.

Na hapo ndipo udogo ulipofanya kazi. KANU kilikataa kuunda serikali mpaka Jomo Kenyatta aachiliwe. Ngala akaungwa mkono na chama cha walowezi cha Michael Blundell, akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Wengine walimwita msaliti kwa hilo, na mpaka leo wako wanaomwita hivyo. Lakini Kenyatta aliachiliwa Agosti ya mwaka huohuo serikali hiyo ikiwa madarakani, na mapema 1962 ujumbe wa KADU ulikwenda Lancaster House, London, ukiwa na jambo moja mkononi: majimbo. Walitaka mikoa iwe na mabaraza yake, iwe na sauti kuhusu ardhi na polisi, na pawe na Seneti ya kulinda wilaya zisimezwe na Nairobi. KANU hakikutaka. Kilitia saini ili uhuru usicheleweshwe, na nia ya kuyafuta majimbo hayo hakikuificha sana.

Uchaguzi wa Mei 1963 KANU kilishinda. Wabunge wa KADU wakaanza kuvuka mmoja mmoja, na tarehe 10 Novemba 1964 Ngala akakivunja chama chake mwenyewe. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, mabaraza ya mikoa yakanyang'anywa meno, na kama miaka miwili baadaye Seneti ikamezwa na Bunge. Ngala alipewa uwaziri. Alifariki Desemba 1972 kufuatia ajali ya barabarani. Kama mwaka 1973 ungesimama sokoni Kaloleni ukauliza kura za KADU zilileta nini, ungechekwa.

Sasa tazama leo. Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ina kaunti 47, ina Seneti, na inaamuru kaunti zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kilifi hupokea zaidi ya shilingi bilioni 11 kwa mwaka kutoka kwenye mgao huo. Hospitali ya Malindi, shule za chekechea, zahanati za vijijini, hayo tunayagombania Kilifi mjini, hatusafiri Nairobi kuyapigia magoti. Na Spika wa Seneti hiyo, chumba ambacho Ngala alikipigania na kukiona kikifutwa, ni Amason Kingi, mtu wa Kilifi. Chama kilichozikwa 1964 kilirudi kikiwa ibara za katiba.

Sitaki nikuuzie hadithi safi kupita kiasi. Kati ya 1964 na 2010 waliofanya kazi ngumu si KADU. Ni wanasheria, maaskofu na mashehe, wanafunzi waliolala korokoroni, wajumbe wa kongamano la katiba la Bomas, na wapiga kura wa Novemba 2005 walioikataa rasimu iliyokuwa imepunguza ugatuzi. Ni hapo, kwa njia, chungwa lilipozaliwa kama alama ya La, kabla halijawa chama. Ilibidi pia damu ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 imwagike, Kofi Annan aje kupatanisha, mkataba utiwe saini Februari 28, 2008, ndipo wakubwa wakakubali kuandika katiba mpya. Na wazo lenyewe la majimbo lilipitia mikono michafu. Walewale wa KADU walioingia KANU, Moi akiwa rais, waliyaacha majimbo miaka yote waliyokuwa na nguvu. Walipobanwa na vyama vingi baada ya 1991, wakalitoa wazo hilo kabatini na kulifanya jina la kuwafukuza watu. Likoni Agosti 1997 inakumbukwa. Watu waliuawa na wengine kuhama Pwani kwa sababu wanasiasa waligeuza hoja ya kugawana madaraka kuwa hoja ya nani ni wa kuja. Hata kaunti 47 si mikoa saba ya Ngala, na kwa maoni yangu afadhali hivyo, maana jimbo kubwa la Pwani lingeihamisha Nairobi na kuileta Mombasa tu, na mtu wa Magarini angebaki palepale.

Ushahidi wa pili ni mchungu zaidi, na watu wa Malindi mjini wanaujua vizuri kuliko wa bara. Wakati KADU kikitaka majimbo, palikuwa na sauti nyingine hapa ukandani, Mwambao. Ule ukanda wa maili kumi ulikuwa kisheria wa Sultani wa Zanzibar chini ya ulinzi wa Mwingereza, na wenyeji wengi wa miji ya pwani, Waarabu na Waswahili, walitaka ujitenge au ubaki na mamlaka yake. Sir James Robertson alikuja kuchunguza mwaka 1961, akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Mwambao hawakuwa na idadi, hawakuwa na jeshi, na bara la Wagiriama halikuwaamini, kwa sababu kumbukumbu za watumwa na za mashamba zilikuwa bado mbichi. Walishindwa. Oktoba 1963 ukanda ukakabidhiwa Kenya.

Lakini kwenye barua walizoandikiana Kenyatta na Mohamed Shamte wa Zanzibar, kuna ahadi zilizoandikwa. Moja ni kwamba mahakama za Kadhi zitaendelea. Ahadi hiyo imevuka katiba ya uhuru, ikavuka miaka ya chama kimoja, ikavuka fujo za makanisa yaliyoipinga mwaka 2010, na leo ni ibara ya 170 ya Katiba. Ahadi nyingine ni kwamba hati miliki za ardhi zilizokwisha kusajiliwa katika ukanda zitaheshimiwa daima. Na hiyo nayo imevuka! Maskwota wa Kilifi, waliozaliwa na babu zao kwenye shamba ambalo mwenyewe anaishi kwingine na karatasi zake zinatokana na sheria ya ardhi ya 1908, wanaishi ndani ya sentensi hiyo. Kundi lililoshindwa liliacha maneno mawili kwenye karatasi. Moja ni ngao kwa Waislamu wa Kenya nzima, la pili ni mwiba kwa jirani zao. Wagiriama, waliokuwa wengi zaidi na wakiwa na KADU, hawakupata sentensi ya kuwalinda waliokaa ardhini bila hati. Hilo ndilo kosa kubwa ambalo mimi namlaumu Ngala kwalo. Alidai mamlaka juu ya ardhi yapewe mkoa, na mkoa ulipofutwa, mkulima akabaki bila chochote kilichoandikwa kwa jina lake.

Kwa hivyo mimi chama kidogo nakipima kwa swali moja. Kinapokufa, kinaacha maandishi gani kwenye sheria?

Twende na kipimo hicho kwenye vyama vilivyokuja baada ya kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu, kufutwa Desemba 1991. Shirikisho kiliandikishwa 1997 kikidai majimbo kwa jina jingine. Mwaka huo kilipata kiti cha Likoni, na 2002 kikapata Magarini kupitia Harrison Kombe. Viti viwili katika chaguzi mbili, kimoja kila safari. Mheshimiwa Kombe mwenyewe baadaye alihamia chungwa, na ni kwa chungwa aliporudi Magarini kwenye uchaguzi mdogo wa Novemba 27, 2025, baada ya mahakama kubatilisha ushindi wake wa 2022. KADU-Asili kilijaribu kurudisha jina la Ngala mwaka 2013 na kikaambulia kiti kimoja cha ubunge hapa Kilifi. Jina kilirudisha. Hoja sikuiona. Ugatuzi ulikuwa umeshapatikana, na chama kilichotaka kurithi KADU kilipaswa kuchukua pale Ngala alipoacha, yaani ardhi, kikaandika mswada. Hakikuandika.

Kisha tukapata PAA. Nataka nikae hapa kidogo, maana watu hukitukuza au kukitukana, na vyote viwili naona ni uvivu. Kingi alikuwa gavana wetu kwa mihula miwili, 2013 hadi 2022. Akaondolewa kuongoza ODM katika kaunti, akasimama na chama chake, akisema Pwani imechoka kuwa abiria. Kwanza akaingia muungano wa Azimio. Mei 2022, akahamia Kenya Kwanza. Malalamiko ambayo chama chake kilitoa hadharani ni kwamba kilitia saini mkataba wa Azimio na kisha kikashindwa kuonyeshwa mkataba wenyewe. Lisikilize tena jambo hilo, msikilizaji. Chama kinasema kimefunga ndoa na hakijaona cheti! Kama ni kweli, uzembe ulikuwa wa nani? Na walipohamia upande wa pili, wewe mpiga kura wa Rabai uliyewapa kiti, uliwahi kuonyeshwa waliandikiana nini huko?

Tulichoona ni matokeo. Septemba 8, 2022 Kingi akachaguliwa Spika wa Seneti. Septemba 13, siku ya kuapishwa, Rais William Ruto akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi bandari ya Mombasa, jambo ambalo Pwani nzima ilikuwa ikililia tangu mizigo ilazimishwe kupanda reli ya kisasa. Siwezi kukipa PAA sifa hiyo peke yake; wafanyabiashara, madereva wa malori na vyama vya wafanyakazi walipiga kelele miaka mitatu. Lakini tukichukulia kwamba kura za chama kidogo zilisaidia, bado nauliza: lile ni agizo. Mizigo ilikuwa imeondolewa kwa agizo na ikarudishwa kwa agizo. Rais mwingine akiamka vibaya, ataiondoa kwa agizo la tatu, na hakuna sheria ya kumzuia. Cheo nacho kina mwisho wake. Spika anaondoka na muhula, na Ganze inabaki na kiu ileile ya maji.

Mtu ataniambia hayo ndiyo maumbile ya vyama vidogo, vinakufa ndani ya vikubwa, hakuna la kufanya. Kufa si hoja. Marekani mwaka 1892 wakulima waliokandamizwa na mabenki na makampuni ya reli waliunda chama kilichoitwa People's Party. Mgombea wao, James Weaver, alipata zaidi ya kura milioni moja na hakufika popote karibu na urais. Mwaka 1896 chama kikamuunga mkono mgombea wa Democratic, kikamezwa, kikaisha. Lakini kilikuwa kimeandika madai yake kabla ya kumezwa: maseneta wachaguliwe na wananchi moja kwa moja, na kodi ya mapato iwe ya kupanda kwa kadiri ya uwezo. Mwaka 1913 katiba ya Marekani ilirekebishwa kuruhusu kodi ya mapato ya taifa na maseneta wa kuchaguliwa na wananchi. Wakubwa waliiba hoja za wadogo, na hapo ndipo mdogo aliposhinda. Na karibu na kwetu, Zanzibar, baada ya miaka ya kuumizana, walikwenda kwenye kura ya maoni Julai 2010, wakaandika ndani ya katiba kwamba chama cha pili kitatoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Tunaweza kubishana mpaka asubuhi kama umoja huo umewafaa Wazanzibari. Ila nafasi hiyo haimtegemei rais kuamka na moyo mwema, imo kwenye sheria.

Huku kwetu kuna kikwazo ambacho haki haitendeki bila kukitaja. Katiba, ibara ya 91, inakataza chama kujengwa juu ya eneo, dini au kabila. Baada ya Likoni sina ugomvi na hilo. Lakini sheria ya vyama inataka pia chama kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti, maana yake kaunti 24. Pwani tuna sita. Chama kinachotoka Malindi lazima kikatafute watu elfu moja katika kaunti 18 nyingine kabla hakijafungua mdomo kuhusu Chakama au mashamba ya chumvi ya Marereni. Hilo linataka pesa, na mwenye pesa za namna hiyo mara nyingi ni gavana anayemaliza muhula au tajiri anayetaka ugavana. Ndiyo maana vyama vyetu vidogo huzaliwa na mtu badala ya kuzaliwa na jambo, na vingine havitoki mkobani. Mkulima wa Magarini aliyeahidiwa hati tangu mradi wa makazi wa miaka ya sabini hana ubavu wa kusajili chama. Ana kura tu.

Na hiyo kura ukiipiga kwa chama kidogo haiendi baharini, kisheria hata kifedha. Sehemu kubwa ya mgao wa Hazina ya Vyama vya Kisiasa huhesabiwa kwa wingi wa kura ambazo chama kimepata, si viti peke yake. Muhimu zaidi, mbele ya wakubwa wawili wanaokimbizana bega kwa bega, kura elfu kumi za Kilifi zina bei. Swali ni nani anaziuza na analipwa nini. Mpaka sasa zimeuzwa kwa vyeo.

Sheria inadai mkataba wa muungano wa kisiasa uwasilishwe kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa miezi kadhaa kabla ya uchaguzi. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa wewe mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hivyo mwaniaji wa chama kidogo akija Marafa, akija Bamba, akija kwenye uwanja wa Alaskan pale Malindi na bendera yake mpya, usimuulize kwanza anamuunga nani mkono kwa urais. Mwambie alete mkataba, ausome hadharani kwa Kiswahili, aonyeshe ni mswada gani wa ardhi ya maskwota, bandari au uvuvi ambao chama kikubwa kimekubali kuupitisha, na kufikia tarehe gani. Akisema mkataba ni siri ya viongozi, muage kwa heshima, umpigie mwingine. Akiwa nao, hata kama chama chake kina kiti kimoja tu nchi nzima, mpe kura yako na uwaambie majirani kwa nini umempa.